Dakika Ishirini na Sita za Baba

Baba alifariki mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeshika, na maneno aliyomwachia dada yangu niliyapoteza mimi. Niliyapoteza miezi miwili kabla hajafa, mchana kweupe, nikiwa kwenye kiti changu cha kazi, tena nikiwa na furaha, kwa sababu kompyuta yangu siku hizo ilikuwa inakwenda mbio kuliko ya mtu yeyote ninayemjua Tunduma.

Studio yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara ambako malori husubiri kuvuka mpaka. Ninapiga video za harusi, sendofu, ubarikio na misiba. Watu hudhani kazi ni kushika kamera. Kamera ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya mashine, kukata na kuunga, kutia nyimbo, halafu kuiamuru kompyuta itoe video nzima kama mteja atakavyoiona. Hapo ndipo nilipokuwa naumia. Harusi ya saa tatu ilinichukua kutwa. Mteja anakuja asubuhi namwambia bado, anakuja jioni namwambia inamalizikia. Nyumba ya nne kutoka kwangu walikuwa wamefungua studio mpya yenye mashine mpya, na wao walikabidhi kazi siku ya pili. Wanakwaya waliokuwa wateja wangu tangu nianze walinipita mlangoni wakielekea kwao, wakanisalimia vizuri kabisa.

Ng'ambo, upande wa Nakonde, kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima aliyeuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika. Kwake ndiko nilikonunua prosesa yangu, na ni yeye aliyenieleza kwamba prosesa ya aina ile haikufungwa kasi na kiwanda. Mwenye nayo anaweza kuipandisha. Vijana huita kuovakloki. Alinieleza huku akipangusa kipande cha prosesa kwa shati lake, kama mtu anayepangusa miwani.

"Ukiongeza kasi, itadai umeme zaidi," alisema, akiniita mukwai, yaani bwana, kama wasemavyo ng'ambo. "Ukiipa umeme, italeta moto. Ukiogopa moto ukainyima umeme, itafanya kazi, mukwai, lakini itaanza kukosea hesabu. Na haitakwambia."

"Nitajuaje kama inakosea?"

"Itese. Kuna programu za kuitesa. Siyo saa moja, iache kutwa na usiku kucha. Joto la mwezi wa kumi likija, itese tena. Mashine iliyotulia kwenye baridi hujaijua bado."

Nilimwitikia kama unavyomwitikia mtu anayekuuzia kitu na maneno mengi juu yake.

Ilikuwa mwezi wa sita, na Tunduma ya mwezi wa sita ni baridi ya kuvalia koti ndani ya nyumba. Nilifungua ile sehemu ya mipangilio ya ndani, inayotokea kabla kompyuta haijawaka sawasawa, nikaanza kupandisha kidogo kidogo. Kiwanda kilikuwa kimeiweka gigahezi tatu na nukta sita. Nikaipeleka nne, ikawaka. Nikaipeleka nne na nukta tatu, ikawaka. Kwenye nne na nukta sita ikazima na kuniletea ukurasa wa bluu, nikaongeza umeme kidogo, ikakubali, lakini feni ikaanza kulia kama kinu cha kusagia na joto likapanda hadi nyuzi themanini na kitu. Nikashuka hadi nne na nukta tano. Nikapunguza umeme hatua moja, feni ikanyamaza. Nikapunguza tena hatua moja, bado ikawaka. Nikaitesa saa moja na nusu, nikinywa chai na kutazama namba. Nyuzi sabini na mbili. Haikutetereka.

Nakumbuka nilivyojisikia. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na sikuwa nimepata kitu cha kujivunia kwa muda mrefu. Siku ile nilijiona fundi. Harusi iliyonichukua kutwa sasa ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Baadhi ya wanakwaya walirudi.

Nyumbani ni Igamba, kwenye mibuni na mahindi. Mama alitangulia siku nyingi. Baba alibaki na dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, ambaye ndoa yake haikudumu na alirudi nyumbani akiwa na binti mmoja. Tangu arudi, shamba lilikuwa lake kwa jasho, ingawa kwa jina lilikuwa la baba. Yeye ndiye aliyejua mti upi una ugonjwa na upi unahitaji kukatiwa, na yeye ndiye aliyemkanda baba miguu ilipoanza kuvimba.

Kati ya baba na dada kulikuwa na jambo ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyelitaja. Dada alifaulu darasa la saba. Alichaguliwa kwenda sekondari, na jina lake lilisomwa mbele ya watu. Baba hakumpeleka. Hakutoa sababu. Miaka sita baadaye nilifaulu mimi, kwa alama ambazo najua hazikufika zake, na baba akaniandalia sanduku, godoro na sare. Dada ndiye aliyeninyooshea ile sare. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Lakini hakuna siku niliyomwona ameshika daftari la shule la binti yake bila kulikagua ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta kosa ambalo lazima lipo.

Mwezi wa tisa, mavuno ya kahawa yakielekea ukingoni, nilikwenda kumtazama baba. Alikuwa amedhoofu, maji yamemjaa miguuni, lakini akili ilikuwa pale pale. Alinitazama nikitoa mizigo akauliza, "Ile kamera yako umekuja nayo?"

"Ninayo, baba. Kesho nina harusi Vwawa."

"Basi niweke humo. Nina maneno ya dada yako. Utampa nikishaondoka."

Niliweka mizigo chini. Kisha nikamwambia, "Baba, dada yupo hapo chini anamenya kahawa. Nimwite umwambie mwenyewe?"

Alitazama miguu yake. "Mdomo wangu haufiki huko," alisema. "Ningekuwa naweza, ningekwisha kusema siku nyingi."

Nilimweka barazani, kiti chake kikiwa kimeelekezwa penye mwanga. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikambana kipaza sauti kifuani, nikaiwasha. Akanipungia mkono niondoke. Alikuwa na maana niende mbali, basi nikashuka shambani hadi kwa dada. Alikuwa anazungusha mashine ya kumenyea, mikono imetapakaa utelezi wa maganda. Nilimpokea nikazungusha mimi. Akaniuliza baba anafanya nini, nikamwambia amepumzika. Kule juu sauti ya baba ilikuwa inasikika kama mvumo tu, neno hata moja halikufika, na mashine ya kumenyea ilikuwa inapiga kelele. Nilizungusha kwa zaidi ya saa nzima. Baba alipoita, nilipanda nikamkuta amejiegemeza, amechoka, macho mekundu.

"Usiitazame," alisema. "Si yako."

Nikaahidi. Na ahadi hiyo niliitimiza, ndiyo sababu ya yote.

Kesho yake nilipitia studio nikahamisha video ya baba kwenye kompyuta, kwa sababu kadi ya kamera nilikuwa naihitaji kwa harusi. Harusi ikaja, na nyingine, na nyingine. Kadi ikajaa na kufutwa mara nyingi. Video ya baba ilikaa kwenye diski, kubwa, nzito, haijaguswa.

Mwezi wa kumi joto likaingia. Wanaojua Tunduma wanajua vumbi la kipindi hicho, linavyoinuka chini ya matairi ya malori na kuingia hata kwenye kikombe kilichofunikwa. Liliingia kwenye kompyuta, likaziba mapezi ya kipoza joto, na mimi sikuifungua. Mara mbili kompyuta ilizima yenyewe katikati ya kazi. Nililaumu umeme. Nilinunua stabilaiza, nikajiona nimetatua. Ile programu ya kuitesa prosesa ilikuwepo pale pale kwenye kioo, alama yake ndogo kona ya chini, na sikuibonyeza hata mara moja, kwa sababu ingenishikia mashine kutwa na nilikuwa na sendofu tatu.

Diski ikajaa. Nikaamua kuzibana video za zamani zichukue nafasi ndogo, na ya baba ikiwemo. Namna programu yangu inavyobana, huigawa video katika vipande, kila kiini cha prosesa, yaani kila sehemu yake ya kupiga hesabu, hupewa chake, kisha huviunga. Ilichukua dakika chache tu. Nakumbuka nilitazama saa nikatabasamu. Ikaandika kwamba imekamilika. Nilifungua mwanzo nikaona uso wa baba, nikafunga haraka kwa sababu ya ahadi. Nikaruka mwisho nikaona baba anapunga mkono kuniita. Mwanzo upo, mwisho upo. Nikafuta ile ya asili.

Tulimzika baba kwenye mvua. Udongo wa Igamba ukilowa unashika jembe na kiatu, na watu walirudi kutoka makaburini wakitembea kama wamevaa viatu vya mtu mwingine. Baada ya wageni kuondoka, nilimwambia dada kwamba kuna maneno yake. Hakuuliza ni maneno gani. Alimaliza kupepeta maharage, kisha akasema, "Nitakuja mwenyewe huko huko kwako. Humu ndani sitaweza."

Alikuja mwezi wa kwanza, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amesuka nywele. Nilimwekea kiti cha wateja, nikafunga mlango, nikampa spika nzuri za masikioni. Akakataa.

"Tusikilize wote. Baba alikuwa wako pia."

Baba akatokea. Alianza kwa Kinyiha, taratibu, kama alivyokuwa akisali. Alimtaja dada kwa jina la utotoni. Alimshukuru kwa miguu, kwa uji, kwa mibuni ya chini aliyoifufua. Alieleza mpaka wa shamba ulivyokwenda na kwamba sehemu ya chini yote ni ya dada na mtu asimguse. Dada aliitikia kwa kichwa, hakulia. Dakika ya arobaini na moja baba alipangusa mdomo, akasogea mbele kwenye kiti.

"Sasa, mwanangu," alisema, "ule mwaka uliofaulu."

Uso wake ukakatika viboksi. Viboksi vya kijani na kijivu vikatapakaa, mdomo ukabaki upande mmoja na jicho upande mwingine, na sauti ikageuka kuwa mkwaruzo, kama bati linaburutwa kwenye saruji. Nilidhani ni sekunde chache. Nikasogeza mbele. Mkwaruzo. Nikasogeza tena. Mkono wa baba ukatokea, umeinuliwa, umegandishwa hewani, ukapotea. Picha ilirudi dakika ya sitini na saba, safi kabisa, na baba alikuwa anafuta machozi kwa kiganja.

"Basi," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa. Nimekwisha sema, nafsi yangu imepumua. Ukiweza, nisamehe. Usipoweza, sitakulaumu."

Dada alikuwa ameshika kingo za kiti. "Rudisha nyuma," alisema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Nilirudisha mara nne au tano. Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi bila kuacha. Mwishowe dada akaniuliza, macho yake yakiwa bado kwenye kioo, "Wewe ulimsikia alichosema?"

"Sikusikia, dada. Siku ile nilikuwa na wewe. Tulikuwa tunamenya."

"Na hii imekuwaje?"

Nikamwambia ni umeme.

Neno lilinitoka lenyewe. Yeye alitikisa kichwa, akasema umeme wa huku unajulikana, akajifunga kitenge vizuri, akaniomba maji ya kunywa. Nilimsindikiza hadi stendi. Njiani alinunua viazi mviringo, akaniuliza kama nakula vizuri.

Nilipobaki peke yangu niliibonyeza ile programu ya kuitesa prosesa. Haikumaliza dakika kumi na moja. Iliandika kwa herufi nyekundu kwamba kiini cha tatu kimekosea hesabu. Nikaizima, nikaifungua mashine, nikatoa vumbi la kujaza kiganja. Nikairudisha prosesa kwenye kasi ya kiwanda, na toka siku hiyo sijaigusa.

Nilikwenda Nakonde kwa yule fundi, nikiwa na diski mkononi. Aliihangaikia siku mbili akitafuta ile video ya asili niliyoifuta, akakuta nafasi yake imekwisha kuandikwa harusi za watu. Hakunikumbusha maneno yake. Ningefurahi kama angenikumbusha. Alinirudishia diski akasema tu, "Pole, mukwai. Mzee wako, eh?"

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho sijui kama kilikuwa kuvunja ahadi au la. Kwa wiki tatu nilizipitia zile dakika ishirini na sita kipande kwa kipande, nikisikiliza kila mkwaruzo, nikitafuta penye sauti ya mtu. Nilipata kikohozi. Nilipata pumzi. Na dakika ya arobaini na tisa nilipata sekunde nne za sauti ya baba, nzima, bila doa: "Si kwamba hukuwa na akili. Akili ulikuwa nayo kuliko..." Halafu bati likaburutwa tena.

Nilizihifadhi sekunde hizo kwenye simu, nikaenda Igamba. Dada alikuwa shambani anapogoa mibuni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajaniambia nikae: kwamba haikuwa umeme, kwamba niliipandisha mashine kasi ili iwahi, kwamba niliambiwa niipime na sikuipima, kwamba nilifuta video ya asili kwa mkono wangu.

Aliendelea kukata matawi mawili matatu. Kisha akauliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kufoka, "Ulitaka iende haraka, uwahi wapi?"

Nikampa simu. Aliisogeza sikioni, akasikiliza mara moja, akanirudishia.

"Hilo la akili nalijua," alisema. "Nilikuwa nalijua tangu nina miaka kumi na nne. Nilitaka kusikia lililofuata."

Akainama akaokota matawi aliyokata. Nilimsaidia kuyabeba hadi ukingo wa shamba. Jioni alinipikia kama kawaida, akaniwekea nyama nyingi kuliko ya kwake.

Sasa ni mwaka wa pili. Wanakwaya wamekwenda tena kwa studio ile nyingine, na sijawafuata. Nabaki na misiba zaidi, maana wafiwa hawaharakishi. Natoa nakala mbili kabla sijafuta chochote, natazama kila video kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho hata kama ni saa tano za watu kula, na mke wangu amechoka kuniuliza ninatafuta nini.

Dada hajanitupa. Ananipigia simu kuniambia habari za mvua na bei ya kahawa. Binti yake yuko kidato cha pili. Lakini kuna siku mwaka jana nilimkuta amekaa barazani peke yake, saa za mchana ambazo kwa kawaida yuko shambani, anasema maneno kwa sauti ya chini, kwa Kinyiha, akisita na kuanza upya. Nilidhani anasali. Nilipokaribia nikasikia anaanza, "Sasa, mwanangu, ule mwaka uliofaulu," halafu ananyamaza, anafikiri, anajaribu kitu kingine baada ya hapo, anakikataa kwa kichwa, anaanza tena.

Nilirudi nyuma taratibu hadi kwenye njia, nikakohoa kwa nguvu, ndipo nikapiga hodi.